Deni Lisilo na Shahidi

Mahubiri ya Jumapili ya 23 ya Mwaka C



Wapendwa wasikilizaji, tunawasalimu nyote mlioketi karibu na redio zenu asubuhi ya leo: ninyi mlioko Kibondo mjini, Mabamba, Kifura na Busunzu, nanyi mlioko Kasulu, Makere na Heru Juu, pamoja na wazee na wagonjwa ambao hawakuweza kufika kanisani. Mwezi huu wa Septemba ni mwezi wa kuandaa mashamba. Majembe yananolewa, mbegu za mahindi na maharage zinatafutwa, na katika nyumba nyingi za milima yetu liko swali moja linaloulizwa kwa sauti ya chini: fedha itatoka wapi?

Swali hilo lilitufikia katika semina ya vijana. Binti mmoja aliyekuwa likizoni kutoka chuoni alisimama akasema: "Padre, huko mjini nimeona watu wakilipa kwa kadi ya mkopo. Je, inafaa kijana kama mimi awe nayo, au ni mtego?" Wenzake walicheka, kwani wengi wao hawajapata hata kuiona kadi hiyo. Sisi hatukucheka. Tulimwahidi kumjibu, na leo tunatimiza ahadi.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Kadi za benki ambazo wengi wetu tunazo ni za kuchukulia fedha zetu wenyewe. Kadi ya mkopo ni kitu kingine. Mwenye nayo hutumia fedha ya benki, kisha huletewa hesabu kila mwezi. Asipoilipa yote, kilichobaki huzaa riba. Kadi hiyo ni adimu katika milima yetu. Lakini tusijidanganye kwamba jambo hili halituhusu. Kile kilichomo ndani ya kadi ile, kijana wetu anacho tayari katika simu yake. Mwaka 2012 majirani zetu wa Kenya walianza mkopo wa simu uitwao M-Shwari. Mwaka 2014 M-Pawa ikaanza hapa Tanzania, na mingine mingi ikafuata. Leo kijana aliyetimiza miaka 18, mwenye kitambulisho cha Taifa na laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole, aweza kukopa usiku wa manane akiwa kitandani, na mama yake aliyelala chumba cha pili asijue. Basi swali la binti yule ni swali la kila nyumba yenye kijana na simu.

Wapendwa, tuyatazame masomo ya leo. Katika Injili ya Luka, Bwana wetu anatoa mifano miwili. Wa kwanza ni wa mtu anayetaka kujenga mnara. Mwenye busara huketi chini kabla ya kuchimba msingi, akapiga hesabu aone kama anacho cha kumalizia. La sivyo atauacha njiani, na wapita njia watamcheka. Mfano wa pili ni wa mfalme mwenye askari elfu kumi anayejiwa na mfalme mwenye askari elfu ishirini. Akiona hawezi kushindana naye, hutuma wajumbe kuomba amani wakati adui angali mbali.

Ni kweli kwamba Yesu hakuwa akifundisha biashara. Alikuwa akiwaambia makutano gharama ya kumfuata yeye. Lakini tuone jinsi mambo hayo mawili yanavyoungana. Anayemfuata Kristo yampasa awe huru, na mtu aliyefungwa na deni asiloliweza hana uhuru. Akisikia simu inalia, moyo unaruka. Akimwona mtu asiyemjua anakuja, anageuza njia. Hata Jumapili haji kanisani, kwa kuogopa macho ya watu. Huyo amefungwa kweli, ijapokuwa hakuna mnyororo unaoonekana.

Tuwasimulie habari ya kijana mmoja. Hatutamtaja jina wala kigango chake. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, akafanya biashara ndogo ya maharage: akinunua vijijini kwa debe na kuuza mjini. Alikuwa pia mwimbaji hodari wa kwaya. Siku moja mwenzake wa kwaya alitaka kuoa, na kijana wetu akaletewa kadi; si kadi ya benki, bali kadi ya mchango wa harusi. Kikaoni kila mmoja alitaja kiasi chake kwa sauti. Naye, kwa kuona haya, alitaja shilingi 30,000, ingawa mfukoni hakuwa nazo. Usiku ule akazikopa kwenye simu.

Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Siku ya kulipa ilipofika, mtaji wa maharage ulikuwa haujarudi. Akakopa pengine ili alipe pale pa kwanza. Akakopa pa tatu ili alipe pa pili. Baada ya miezi sita alikuwa na madeni matano, na hakuna aliyejua: si mama, si rafiki, si padre.

Kisha jambo likafunuka kwa njia mbaya. Mkopeshaji mmoja alikuwa amechukua majina na namba zote zilizokuwa katika simu ya kijana huyo. Alipochelewa kulipa, watu wote wa namba hizo walipelekewa ujumbe kwamba huyo ni tapeli na waambiwe waonao wasimwamini. Ujumbe huo ulipokewa na mama mzazi, na mwenyekiti wa kwaya, na wateja wake wa maharage. Ulipokewa na sisi pia.

Hapa, wapendwa, yatupasa tuungame. Tulipousoma ujumbe ule, hatukumtafuta kijana. Jumapili iliyofuata tulimwona amesimama nje, karibu na dirisha la nyuma, na tukamtazama kama mtu anayetazama jambo baya. Hatukumwuliza kitu. Jumapili ya pili hakuja. Sisi tulio wachungaji tuliamini maneno ya mkopeshaji tusiyemjua kuliko miaka kumi ya kumjua mtoto wa parokia yetu.

Aliyemtafuta alikuwa katekista wake, mzee wa siku nyingi. Alitembea kwa miguu mpaka nyumbani kwao, akamkuta nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, Mwalimu," kijana alisema bila kuinua macho.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na daftari. Lete simu yako, tuandike."

Hakumwuliza kwa nini. Walikaa chini ya mwembe, wakaandika deni moja baada ya jingine: kilichopokewa, kilichodaiwa, siku ya mwisho. Jumla ilifika shilingi 212,000, wakati fedha aliyoishika kijana mkononi haikuzidi 140,000. Kijana alipoiona jumla hiyo imeandikwa kwa kalamu, alilia. Baadaye alituambia kwamba machozi yale hayakuwa ya huzuni tupu. Kwa miezi sita alikuwa akidhani deni lake halina mwisho. Siku ile aliona kwamba lina mwisho, na mwisho wake una namba.

Wapendwa, huko ndiko kuketi chini na kupiga hesabu anakokusema Bwana wetu. Na tazameni: hesabu hiyo hakuweza kuifanya akiwa peke yake.

Turudi sasa kwenye somo la pili, barua ya Mtume Paulo kwa Filemoni. Onesimo alikuwa mtumwa wa Filemoni, akatengana na bwana wake, akakutana na Paulo kifungoni, akawa Mkristo. Paulo anamrudisha, akiomba apokewe si kama mtumwa bali kama ndugu. Somo letu linakomea hapo. Lakini mkifungua Biblia zenu nyumbani, someni mstari unaofuata. Hapo Paulo anamwambia Filemoni kwamba, kama Onesimo amemkosea au anadaiwa kitu, deni hilo liandikwe juu yake yeye Paulo. Naye anaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa. Mtume, tena mfungwa, anajifanya mdhamini wa kijana mwenye deni. Anasimama katikati ya anayedai na anayedaiwa, ili wote wawili wabaki ndugu.

Basi jibu letu kwa binti yule ni hili: kukopa si dhambi, na kadi au simu yenyewe si shetani. Linaloua ni deni lisilo na shahidi.

Maandiko Matakatifu hayakatazi mkopo. Yoshua bin Sira anahesabu kumkopesha jirani kuwa tendo la huruma, na anataka aliyekopa alipe kwa wakati wake. Lakini Torati inamwekea mkopeshaji mipaka. Katika Kumbukumbu la Torati anaamriwa asiingie ndani ya nyumba ya mdaiwa kuchukua rehani, bali asimame nje mpaka aletewe. Na vazi la maskini lililowekwa rehani lirudishwe kabla ya usiku, kwani ndilo analojifunika. Sheria hiyo ya kale inalinda heshima ya mtu: hata anayedaiwa ana mlango, na mlango huo haupigwi teke. Mkopeshaji anayeingia katika simu ya mtu, akachukua majina ya ndugu zake na kumtangaza, ameingia ndani ya nyumba. Watu wetu wameiita mikopo ya namna hiyo kausha damu, na hawakukosea. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha watu kwa mtandao bila kibali chake, ikawaonya wananchi wasiyatumie. Kwa hiyo kijana, kabla hujabonyeza, uliza: huyu anayenikopesha ana leseni?

Tupige na hesabu moja, kwani kusema riba ni kubwa hakutoshi. Tuseme umeomba shilingi 50,000 kwa wiki mbili. Ada ya 10,000 inakatwa mbele, unapokea 40,000, na baada ya wiki mbili unarudisha 50,000. Unajiambia, elfu kumi ni kitu gani? Lakini ukishindwa kujitoa, ukawa unalipa na kukopa tena vilevile kila wiki mbili, mwaka una wiki 52, yaani mara 26. Utakuwa umelipa ada ya shilingi 260,000 kwa kuzungusha zile 40,000, na mwisho wa mwaka bado hazijawa zako.

Wazee wetu wa Buha walijua kadi ya namna nyingine. Wengi walisafiri mbali kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, wakaitwa manamba. Huko kila mmoja alipewa kipande, kadi yenye nafasi 30, na kila siku ya kazi ikatiwa alama. Kazi ilikuwa ngumu na ujira ulikuwa mdogo. Hatuisifu hali ile. Lakini mwenye kipande alijua kitu kimoja: jasho lilitangulia, fedha ikafuata, na kadi ikijaa alikuwa ameimaliza. Mkopo wa simu umegeuza mpango huo. Fedha inatangulia, jasho la siku 30 linafuata, na mara nyingi kijana anatoa jasho kwa ajili ya kitu kilichokwisha kuliwa. Ndiyo maana yampasa ajiulize kabla: fedha hii inakwenda kuzaa, au inakwenda kuliwa? Mbegu, cherehani na ada ya ufundi vyaweza kuzaa. Viatu vya sherehe havizai.

Hata nchi tajiri zimejifunza jambo hili kwa gharama. Mwaka 1958 benki moja kubwa ya Marekani ilipeleka kadi 60,000 za mkopo kwa wakazi wa mji wa Fresno, bila wao kuziomba. Miaka 51 baadaye, mwaka 2009, Marekani ilitunga sheria kwamba kijana aliye chini ya miaka 21 asipewe kadi ya mkopo isipokuwa aonyeshe kipato chake mwenyewe cha kulipia, au apate mtu mzima wa kusimama naye. Yaani walirudi kwenye busara ya Paulo: kijana apewe mdhamini.

Tunajua vijana mnatuambia nini mioyoni mwenu. Mnasema: "Padre, mdhamini nitampata wapi? Benki inataka dhamana, baba hana hati ya shamba, kikundi cha akina mama hakinitaki, na ndugu mwenye duka ananicheka. Simu peke yake haikuniuliza mimi ni mtoto wa nani." Maneno hayo ni ya kweli, nayo yanatuhukumu sisi wakubwa. Kijana anapokimbilia kwa mgeni asiyemjua, mara nyingi ni kwa sababu milango ya watu anaowajua ilifungwa kwanza.

Kwa hiyo tunayo maneno kwa kila mmoja.

Ninyi vijana: msikope usiku, na msikope peke yenu. Mtafute mtu mmoja mwenye busara, mzazi, mlezi, msimamizi wako wa Kipaimara au katekista, umwambie kabla ya kukopa: nataka kiasi hiki, kwa kazi hii, nitalipa siku hii kwa fedha itakayotoka mahali hapa. Ukiona aibu kumwambia, huenda aibu hiyo inakuonya kwamba mkopo wenyewe haukufai. Na ukishakwama, mkumbuke yule mfalme wa pili. Tuma wajumbe wakati adui angali mbali. Nenda kwa mkopeshaji kabla siku haijafika, umwombe muda. Kijana wa habari yetu alifanya hivyo akiwa na katekista wake, na wawili kati ya waliomdai walikubali kumngojea. Alilima vibarua, akauza maharage ya mavuno yaliyofuata, akalipa moja baada ya jingine. Dawa ya deni ni kulipa, wala hakuna dawa nyingine.

Fahamuni pia kwamba upo mkopo usio na riba. Kwa sheria ya nchi yetu, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Halmashauri za Kibondo na za Kasulu zina maofisa wa maendeleo ya jamii kwa kazi hiyo. Kuunda kikundi kuna taabu na vikao vingi, lakini katika kikundi deni lako lina mashahidi.

Ninyi wazazi: msimwambie mtoto akope kwa jina lake ili mlipie mambo yenu, kisha mkamwachia mzigo. Na akija kuwaambia amekwama, shikeni kalamu kabla ya kushika fimbo.

Ninyi viongozi wa kwaya, wa vyama vya kitume na wa Jumuiya Ndogo Ndogo: michango yetu ya harusi na sherehe isitajwe kwa sauti mbele za watu kama mnada. Mjane wa Injili alitoa senti mbili, na hakuna aliyemsomea jina lake kikaoni. Mtu atoe alichonacho. Tukimlazimisha kijana kuona haya, tumempeleka wenyewe kwa kausha damu.

Nanyi makatekista: daftari la yule mzee liko ndani ya uwezo wenu. Hakuwa na fedha ya kumlipia kijana, wala hakuahidi kumlipia. Alikuwa na miguu ya kumfuata na kalamu ya kuandika. Mara ngapi tunadhani hatuwezi kumsaidia mtu kwa sababu mifuko yetu ni mitupu, kumbe alichohitaji ni mtu wa kukaa naye chini ya mwembe!

Kijana yule amerudi kwenye kwaya. Alitujia siku moja sakristiani, nasi tukamwomba msamaha kwa macho yale tuliyomtazama nayo. Alitusamehe upesi kuliko tulivyostahili. Ndipo tulipokumbuka kwamba sisi sote tunaimba na kusali tukiwa wadaiwa, na kwamba yuko Mmoja aliyesema juu ya deni letu, liandikwe kwake, akalilipa kwa mkono wake mwenyewe uliotobolewa.

Tuombe. Ee Mungu, Baba wa maskini, uwape vijana wetu hekima ya kuketi na kuhesabu kabla ya kukopa, na ujasiri wa kusema kabla ya kuzama. Utupe sisi wakubwa moyo wa Paulo, tusimwache Onesimo wetu alipe peke yake. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Na baraka ya Mungu Mwenyezi, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu, iwashukie na ikae nanyi daima. Amina. Jumapili njema.